Miguu Haikohoi

Vikata kucha vilikuwa vinagongana ndani ya sufuria. Maji yakichemka huwa vinacheza hivyo, kle kle kle, kama meno ya mtu mwenye baridi, na kabla ya alfajiri, nyumba ikiwa kimya, sauti hiyo hufika hadi chumba cha mwisho. Nilipunguza moto. Nikafunika sufuria kwa sinia zito. Kazi bure. Binti yangu alikuwa ameshasimama mlangoni, shali begani, macho bado yana usingizi.

"Mama, unapika nini saa hizi?"

"Vyuma."

"Vyuma vya nini?"

"Vya kazi."

"Kazi gani? Si umeambiwa ukae nyumbani?"

"Nimeambiwa. Nimesikia. Sasa nachemsha."

Alivuta kiti akakaa. Hakunigombeza. Alinitazama tu, vile mtu anavyomtazama mtoto aliyepanda juu ya kabati, akiogopa kwamba akipiga kelele ndiyo ataanguka.

Kazi yangu ni kukata kucha za miguu. Watu hucheka wakisikia, na mimi huwaacha wacheke mpaka washibe. Mtu akizeeka, miguu yake huhamia mbali. Mgongo haupindi, macho hayafiki, mkono unatetemeka, na kucha zenyewe zinakuwa ngumu kama pembe. Zisipokatwa hujikunja zikaingia nyamani. Kiatu kinakataa. Asiyevaa kiatu hatoki, na asiyetoka miguu humlegea akaanguka humo humo ndani kati ya kitanda na meza. Mwenye kisukari ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana mguu wake unaweza kuoza na usimwambie kwamba unauma.

Sisi wanawake wa mtaani tuliyaona hayo kwa wazazi wetu. Tulipostaafu tukaanzisha shirika dogo: ukumbi wa kuazima, mabeseni, chumvi, taulo kuukuu. Mzee anaingia anachechemea, anaweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, anaulizwa habari za wajukuu, anatoka anatembea kama bwana harusi. Hatukuwahi kumtoza mtu hata senti. Baadaye tukapata wafadhili, na wafadhili wakatutaka tuwe na mkurugenzi. Tukampata binti mmoja msomi, mwenye adabu, ambaye halali vizuri.

Ugonjwa ulipoingia mjini, mkurugenzi alinipigia simu.

"Shikamoo, Bibi. Ukumbi umefungwa. Na wote mliovuka miaka sitini, mnakaa nyumbani."

"Sote tumevuka sitini."

"Najua, Bibi."

"Basi aliyebaki kazini ni wewe na yule paka wa stoo."

Alicheka. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimpigia kila mmoja wetu kwa sauti yake mwenyewe. Angeweza kutuma ujumbe mmoja kwa wote akamaliza. Hakufanya hivyo.

Wafadhili nao wakaandika: kazi yote ihamie kwenye simu za video. Wakatuma vifurushi, tukafundishwa pa kubonyeza. Siwezi kusema simu haikufaa. Kuna wazee tuligundua kwamba walikuwa wanakuja ukumbini kwa ajili ya maneno, kucha zilikuwa kisingizio. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliweza kuzungumza nao mpaka betri ikamkimbia. Tulizungumza, tulitaniana, tuliwaambia wanyooshe miguu mbele ya kamera tuione. Tuliona kucha zinarefuka. Tukaendelea kuziona zinarefuka. Hakuna simu yenye meno.

Kwa hiyo siku tuliyompigia Dereva, tulishangilia.

Dereva aliendesha treni miaka yote ya utu uzima wake. Ana kisukari. Mguu wake wa kulia ulikatwa zamani, anatembelea wa bandia, na wa kushoto ndio huo mmoja aliobaki nao. Anaishi na dada yake mkubwa. Siku hiyo tulikuwa sote kwenye simu, mimi, mwalimu na mkurugenzi, kila mtu kwenye kisanduku chake kama mayai kwenye trei. Dereva akasogeza simu chini. Tukaona mguu wa kushoto, ngozi laini, kucha fupi, safi.

"Mashallah!" mwalimu akapiga makofi. "Huo ndio mguu!"

"Dereva, umetushinda," nikasema.

Mkurugenzi akaandika kwamba hali ni nzuri. Sote tulifurahi kama wajinga. Sisi, ambao kazi yetu ni kukata kucha, tuliona kucha zimekatwa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza zimekatwa na nani.

Jana yake mchana, kabla ya asubuhi hiyo ya sufuria, dada yake alinipigia. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, ule mguu mliousifu ni wangu."

"Wako vipi?"

"Wangu! Aliniweka kwenye kiti, akaelekeza simu, akaniambia nyamaza. Mimi bado nafika chini, najikata mwenyewe. Wake haufunui. Analala na soksi. Lakini harufu, dada yangu, harufu haina soksi."

"Kwa nini asiseme?"

"Anaogopa hospitali. Anasema wakiona kidonda watauchukua na huu. Ameapa, gari la wagonjwa likisimama hapa nje anafunga mlango kwa komeo. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ameniambia kiniumbue mimi kwanza, maana ndiye mkubwa."

Nikampigia mkurugenzi. Nikamweleza yote, na nikamwambia kesho naenda.

"Bibi, hapana."

"Sikuombi ruhusa, mwanangu. Nakupa habari."

"Una miaka sabini na ushee. Na kifua chako nakijua."

"Nakwenda kwenye mguu. Miguu haikohoi."

"Mwenye miguu anakohoa!"

Hapo alinishika pabaya. Akaendelea, sauti imeshuka. "Nikikuzika nitamwambia nini binti yako?"

"Mwambie nilikuwa kazini."

"Sitaki kuyasema hayo maneno, Bibi. Usinibebeshe."

Niligundua kitu: hakuwataja wafadhili hata mara moja. Alikuwa ananiogopea mimi. Lakini mtu akioza peke yake ndani ya soksi, woga wetu unamsaidia nini? Nikamuaga vizuri. Nikaenda kutafuta sufuria.

Basi hapo jikoni, binti yangu akaniuliza, "Mkurugenzi alisema nini hasa?"

"Alisema mwenye miguu anakohoa."

Akainuka akaenda bafuni, nikasikia pete za pazia zinavutwa, shaa. Akarudi amebeba pazia letu la plastiki, lile lenye samaki wa rangi. Akalitandaza juu ya meza, akapima kutoka chini, akachukua mkasi wangu wa kushonea na kulipasua bila huruma.

"Pazia langu!" nikasema.

"Mguu unapita, mdomo haupiti," akajibu. "Yeye ndani, wewe nje kwenye hewa. Barakoa, glavu, na usiingie hata kama anakukaribisha chai."

Kisha akakaa akaanza kushona utepe wa pamba kuzunguka ule mpasuko. Nilimuuliza wa nini. Alisema plastiki ikikatwa huwa kali, itamkwaruza mzee wa watu kwenye muundi. Alikuwa na hasira, uzi mdomoni, na bado aliufikiria muundi wa mtu asiyemjua.

"Sijakubali," akasema. "Nimesema tu, kama utakwenda."

*

Dada yake Dereva alinifungulia geti akarudi nyuma kama tulivyokubaliana. Tulilitundika pazia kwenye fremu ya mlango kwa vibanio vya nguo. Yeye akazunguka akaingia kwa mlango wa jikoni, na mimi nikaweka kigoda barazani, beseni, taulo, mfuko wangu wa vyuma. Ndani nikaona kivuli cha mtu kwenye kiti, nyuma ya wale samaki.

"Nani huyo?" kivuli kikauliza.

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mimi wa kucha."

"Kucha zangu zimeshakatwa. Si mlizisifu wenyewe?"

"Tulizisifu za dada yako."

Nikamsikia Dereva akisema, "Mwanamke huyu hata angemeza siri na maji, ingetokea puani."

"Ndiyo, ingetokea!" dada akajibu kutoka jikoni. "Toa mguu!"

Pazia likatikisika. Kwenye mpasuko kikatokea kiatu kikubwa cheusi kilichong'arishwa, na juu yake soksi iliyopigwa pasi. Nikakigonga kwa kikata kucha. Kikalia ko, ko. Alikuwa amenitolea mguu wa bandia.

"Haya, kata huo," akasema.

"Huu umeshakatwa, mzee. Lete mwingine."

Dada alicheka mpaka akaangusha kijiko. Na yeye mwenyewe nikamsikia pumzi zimemtoka kwa pua, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Kiatu kikarudi ndani. Lakini hakuna kilichotoka badala yake.

"Sikiliza," akasema baadaye, na sasa sauti haikuwa ya utani. "Mara ile nilikwenda na kidonda kati ya vidole, kidogo kama punje. Nikasaini karatasi. Nilipoamka, shuka lilikuwa limelala chini upande mmoja. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nilijua kwa kutazama shuka. Na wakati ule angalau dada aliruhusiwa kuingia. Sasa haruhusiwi mtu. Nikifia humo, nani atajua hata nimevaa nini?"

Nilimwambia, "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukata kucha."

"Nenda nyumbani, mama. Utaambukizwa bure."

"Siendi. Kigoda hiki ni kifupi na magoti yangu mabovu. Nikiinuka, leo sikai tena. Kwa hiyo siinuki."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Nina maji, nina mkate, nina kivuli. Wewe una nini?"

Nikakaa. Jirani akapita, akatazama pazia la samaki mlangoni, akatazama bibi kizee na beseni, akaamua kutouliza. Maji ya vuguvugu yakapoa. Dada akatoka akaniletea mengine, akayaacha kwenye ngazi na kurudi.

Ndipo mguu ukatoka. Polepole, kama kobe anayetoa kichwa. Soksi bado.

"Usiivute," akasema. "Imeshika."

Niliilowesha kwa maji ya chumvi mpaka ikaachia yenyewe. Sitaeleza harufu. Kucha ya kidole kidogo ilikuwa imejikunja ikachimba kidole cha jirani yake, na hapo katikati palikuwa na kidonda chenye usaha, chekundu pembeni, na kidole kidogo chenyewe kilikuwa kimebadilika rangi. Sehemu nyingine yote ya mguu ilikuwa na joto, na nzima. Nikakata kucha zilizokuwa salama kukatwa. Ile ya kidole kidogo sikuigusa. Nikamwambia ukweli wote, bila kupunguza, maana mtu aliyewahi kufichwa jambo huogopa zaidi anapobembelezwa.

"Bibi!"

Mkurugenzi alikuwa getini, barakoa hadi chini ya macho, anahema. Alikuja kunirudisha nyumbani, nilimsoma kwenye mabega. Hatua ya kwanza aliipiga kwa hasira, ya pili vilevile, ya tatu akaona mguu mtupu umetokeza kati ya samaki wa plastiki, umelala juu ya taulo langu, akasimama.

"Nani huyo?" Dereva akauliza.

"Mkubwa wetu. Amekuja kunifukuza kazi."

"Mwambie asubiri. Mimi ndiye nipo kwenye foleni."

Binti wa watu alitazama kile kidonda. Hakusema neno kuhusu sheria. Alipiga simu kwa muuguzi wa zahanati, akaiwasha kamera, akapiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya ofisini, akaishikilia simu karibu na vidole, mkono umetulia. Muuguzi akauliza, mimi nikabonyeza alipotaka nibonyeze, Dereva akajibu kama anahisi au hahisi. Hapo simu ilitufaa kweli, nami naisifu, kwa sababu safari hii ilionyeshwa mguu wenyewe.

"Aletwe leo," muuguzi akasema. "Wenye vidonda tumewatoa wodini. Wako kwenye hema, geti la nyuma."

"Sitoki," likasema pazia.

Mkurugenzi akageukia wale samaki. "Baba, unataka nini?"

"Nataka mtu aniahidi kwamba mguu haukatwi."

Tulimtazama muuguzi kwenye simu. Alikuwa amechoka, alama za barakoa zimemchora mashavu. Angeweza kudanganya, na sisi tungemshukuru.

"Hilo siahidi," akasema. "Naahidi hakuna atakayegusa kitu kabla hajakwambia na wewe ukakubali. Na hema halina ukuta upande wa nje. Dada yako atasimama nje kwenye kamba ya mpaka, utamwona na atakuona. Ukikaa hapo nyumbani ndipo naweza kukuahidi kwamba utakatwa."

Mguu ukarudi ndani. Taulo likabaki tupu, na alama ya unyevu ya unyayo wake.

Nilidhani tumemkosa. Mkurugenzi naye alidhani hivyo, maana alinishika bega, halafu akakumbuka kwamba haturuhusiwi kushikana, lakini hakuondoa mkono. Tukasikia ndani vitu vinasogezwa. Tukasikia mikanda inafungwa, ule mlio wa mguu wa bandia ukikazwa.

"Dada," Dereva akaita. "Nitolee shati la kazini. Lile lenye vifungo vya shaba. Kama ni kusimama mbele ya watu, nisimame kama mtu."

*

Kidole kidogo kiliondoka. Waliomba ruhusa kwanza, akauliza maswali hadi daktari akavuta kiti, kisha akakubali mwenyewe. Dada alisimama kwenye kamba kila siku ya kufungwa kidonda, na muuguzi yule alimletea kiti bila kuombwa.

Mkurugenzi aliwaandikia wafadhili tulichofanya, bila kuficha. Wakajibu kwamba kazi za ana kwa ana zimesimamishwa na tumevunja makubaliano. Alinisomea barua aliyowarudishia kabla ya kuituma. Aliandika: "Tunawaheshimu na tunawashukuru. Lakini sisi ni shirika la miguu, na miguu iko majumbani kwa watu. Tutaifuata huko kwa usalama wote tunaouweza. Mkitaka kuwa pamoja nasi, mlango uko wazi, na una pazia." Nikamwambia aongeze salamu. Akaongeza. Kwa muda mrefu hawakujibu, na sisi hatukukaa kuwasubiri.

Mapazia yalikuja kutoka kila bafu la mtaa: ya bata, ya maua, moja lina ramani ya dunia, na mzee mmoja akazoea kutoa mguu katikati ya bahari. Binti yangu alizishona zile pindo zote. Bado anasema hajakubali. Vinyozi na wasusi walikuwa wamefungiwa maduka, mikono inawawasha, tukawaita.

"Mama, mimi nimezoea vichwa," kinyozi mmoja aliniambia.

"Fikiri huu ni kichwa," nikamjibu. "Tena huu haubishi siasa."

Wenzetu wenye vifua vibovu walibaki kwenye simu, na mwalimu akaweka amri yake: mguu na uso vionekane kwenye picha moja, na swali la kwanza liwe, "Nani amezikata?" Wazee wakikunja miguu kuileta shavuni wanacheka mpaka simu inadondoka. Kuna siku nasikia makelele hayo kwenye spika, nasema moyoni, hata huu ugonjwa umetukuta na shughuli zetu.

Wiki iliyopita muuguzi alikifungua kidonda cha Dereva, akakitazama, akatupa bandeji na hakuweka nyingine. Kimefunga. Mguu umebaki wake.

Jana nilikwenda kumkata. Alitoa mguu bila kusukumwa, na nikaona kwamba ameuosha na kuupaka mafuta kabla sijafika. Nilikata kucha nne.

"Nne tu?" akasema. "Umenipunja."

"Mlalamikie daktari."

Nilipangusa vyuma, nikamwaga maji, nikaanza ile kazi kubwa ya kuinuka. Nyuma ya pazia akasikia kigoda kinakwaruza.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa wenzako."

"Kucha zangu zinakua haraka," akasema.

"Zinakua kama za watu wote, Dereva. Tutaonana baada ya mwezi."

"Mwezi ni mbali." Akajikohoza kwenye kiwiko kama tulivyomfundisha. "Njoo wiki ijayo, mama. Kama hakuna cha kukata, utaketi tu. Lakini uje."